Njia ya Kushukia Ziwani Kasenyi

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Bisibo.

Miaka hamsini na moja, kasoro wiki tano, tangu lori la Operesheni Vijiji litutoe Kasenyi, ufukweni mwa Ziwa Victoria, na kutushusha hapa Bisibo. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilibeba godoro, Biblia na kamusi. Mama alibeba chungu cha maji ya ziwa. Kilimwagika kabla hatujafika Biharamulo mjini.

Leo habari mbaya. Kampuni moja inajenga nyumba za kifahari Kasenyi. Inachota matuta ya mchanga ili wanunuzi waone maji wakiwa kitandani! Matuta yale ndiyo yaliyozuia mawimbi yasile mihogo yetu. Hata nyasi zake tulikatazwa kuzing'oa, maana ndizo zinazoshika mchanga. Nilichapwa kwa kosa hilo mwaka 1959. Fimbo nne.

Sasa wanataka kufunga na njia ya kushukia majini. Ninataka kushuka njia ile mara moja kabla sijafa, miguu iingie ziwani. Basi. Sitaki kingine.

Jumatano, 6 Agosti.

Nimempigia simu afisa ardhi, Adelfina. Binti mwenye adabu. Shikamoo yake haina haraka. Anasema wapima watafika wiki ijayo. Njia ya watu wote haifungwi, mradi ithibitike kuwa ni ya zamani. Wazee wawili waliozaliwa pale wakitoa ushuhuda, inatosha.

Wazee wawili! Tuliobaki ni mimi na jirani yangu Pancras. Naye hajui njia ilipita wapi. Anadai ilipita kushoto kwa jiwe kubwa. Ilipita kulia! Tunabishana tangu mwaka 1981.

Nilienda kwake kwa moyo safi. Akaniuliza kama nimeanza kusahau, na kama mke wangu anajua. Nikamjibu kwamba mtu aliyekuwa akiogopa maji hawezi kukumbuka njia ya kwendea majini. Akasema, "Mwalimu, umefundisha watoto jiografia miaka thelathini, na kwenu hupajui." Sikumaliza chai.

Sihitaji shahidi. Ninahitaji alama.

Alhamisi, 7 Agosti.

Wazo! Mlamula! Mti wetu wa mpakani, wenye majani marefu. Ukiukuta umesimama, unajua wazee walipita hapo na kukubaliana. Afisa gani atabishana nao? Nikiupanda pande zote mbili za njia, njia itazeeka miaka mia kwa asubuhi moja.

Lakini miche haidanganyi mtu. Yatakiwa mashina manene. Nimekata kumi na manne, kutoka mpaka wangu na Pancras. Yeye yuko mjini, amepeleka ndizi zake kwenye maonyesho ya Nane Nane.

Mke wangu Scolastica akauliza kama ninajua kwamba anayeng'oa mlamula wa mpakani hutozwa pombe na ukoo mzima, kisha husemwa mpaka kaburini. Nikamwambia ninakopa tu. Akasema, "Baba Yuster, mpaka haukopwi."

Jumamosi, 9 Agosti. Kasenyi!

Nimefika alfajiri, kwa lifti ya lori la mahindi. Mashina ndani ya magunia. Harufu ya ziwa ilinifikia kabla sijaliona: matope, dagaa, nyasi mbichi. Nilisimama. Sikumbuki nilisimama muda gani. Tuta la kaskazini wamekwisha kulila nusu. La kusini bado lipo, na nyasi zake.

Nimepanda saba huku, saba kule. Nimeyapaka matope yaonekane ya kale. Kazi safi!

Kutoka pale hadi majini ni hatua mia moja na kumi na mbili. Nilizihesabu kwa macho. Sikushuka. Dereva alikuwa akipiga honi. Tena nilijiambia kwamba nitashuka siku ya ushindi, Pancras akinitazama.

Alhamisi, 14 Agosti.

Adelfina amepiga simu. Wapima walikuta nyayo nyingi pale njiani, wakawa tayari kuandika kwamba ni njia ya wote. Kisha wakaona milamula. Safu mbili, zimenyooka! Wakasema hili ni shamba la mtu, mipaka yake ya mila ipo, tuiheshimu. Akajitokeza Anatoli, mwenye nyumba kando ya njia ile. Akatangaza kwamba ni la babu yake, na kwamba mashahidi wake ni ile miti. Jumatano akaiachia kampuni shamba hilo. Uzio wa waya umekwisha kuwekwa.

Kwa ufupi, nimempa Anatoli shamba.

Jumapili, 17 Agosti.

Pancras amerudi, akakuta mpaka umenyolewa. Kwa kuwa alama hazipo tena, amelima hadi nyuma ya choo changu. Baada ya misa alikuja. Nilitarajia makelele. Aliomba kiti, jambo baya zaidi.

Amezungumza na Adelfina. Ijumaa kuna kikao pale pale Kasenyi. Aliyepanda miti akisimama na kusema kwamba ni yeye, na kueleza aliitoa wapi, uzio utaondolewa na njia itabaki ya wote. Pombe amenisamehe. "Twende, Mwalimu," alisema. "Hata mimi nina miguu."

Nimekubali. Scolastica alifuta macho jikoni, akasingizia moshi.

Alhamisi, 21 Agosti.

Pancras ametaja mpangilio wa kesho. Yeye atatangulia, mimi nitamfuata nikiwa nimebeba shina moja begani, kama mwizi wa kuku aliyekamatwa na kuku mkononi. Hilo ningelimeza. Lakini anataka pia kuwaonyesha njia yenyewe. Kushoto kwa jiwe!

Nimemwambia siendi.

Scolastica anasema kushoto au kulia, maji ni yale yale. Hoja ya mtu aliyezaliwa mlimani Ngara.

Ijumaa, 22 Agosti.

Pancras alienda peke yake. Amerudi jioni. Kikao kilimngoja mpandaji hadi saa nane, mpandaji hakutokea. Imeandikwa: mali ya mtu binafsi. Njia imekufa.

Amesema aliyaona maji kupitia waya. Yalikuwa yametulia, na ndege weupe walikuwa wamesimama kwenye mchanga. Hakunitukana hata kidogo. Hilo limeniudhi sana.

Nimetafakari kwa makini. Kosa lilikuwa idadi. Kumi na manne ni machache mno! Yangekuwa arobaini, yakalizunguka tuta la kusini lote, kampuni isingethubutu kuligusa. Na Pancras bado ana mpaka mzuri upande wa bondeni, mashina manene kuliko yale ya kwanza. Nimekwisha kunoa panga. Dereva wa lori atayapeleka na kuyapanda. Nimemchorea ramani, jiwe liko kushoto na njia kulia.

Mimi mwenyewe Kasenyi sitarudi.