Siku Niliyoinyamazisha Saa ya Mnara

Jumatatu, 3 Machi

Habari mbaya. Serikali kuu imepunguza ruzuku ya mji wetu. Kamati ya Fedha inakaa Alhamisi kuamua nini kikatwe. Mhasibu kapita idara zote na sura ya kutangaza msiba, huku anatafuna karanga. Ajenda ni kumi na moja. Ya kwanza ni chai ya madiwani (hiyo itapona). Ya kumi ni bustani. Ya kumi na moja, mwisho kabisa, ni saa ya mnara na mtunzaji wake. Mtunzaji wake ni mimi!

Mwisho! Nyuma ya maua! Hapa kuna mkono wa Mkuu wa Bustani, yule tunayemwita Bwana Waridi. Asubuhi anapanda maua, jioni anapanda fitina.

Mke wangu kauliza tutalala wapi wakinikata, maana hivi vyumba viwili chini ya mnara ni vya kazi. Nikasema kwa mama yake. Mama mkwe hajasahau kwamba binti yake aliwahi kuposwa na daktari wa meno. Humtaja kila tukila nyama.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata wazo. Tena kubwa! Watu hawaithamini saa kwa sababu inagonga kila siku. Dawa ni kuwanyima. Alhamisi naisimamisha. Mwokaji ataunguza mikate, walimu watasahau kuwaachia watoto, wenye maduka watazubaa milangoni. Wote watakuja chini ya mnara wakinililia, na kamati itasikia. Penye nia pana njia.

Nimemweleza mke wangu. Kasema kila mtu ana simu. Nikamjibu simu haina kengele. Kasema inayo. Mjadala nikaufunga.

Bwana Waridi kaonekana akipanga vyungu vya maua mlangoni mwa ukumbi wa kamati. Hana haya hata kidogo!

Jumatano, 5 Machi

Nilikuwa juu mnarani napaka grisi. Shemeji kapanda ngazi zote, anahema. Huyu ni mdogo wa mke wangu, ndiye karani wa kamati. Dada yake kamwambia kila kitu. Wanawake hawa!

Kaniomba kwa jina la Mungu kesho nisiiguse saa. Kasema mwenyekiti ni mtu wa kanuni. Simu zote hukusanywa kwenye kikapu mlangoni. Saa ya ukutani ilikufa tangu bajeti ya mwaka juzi ilipokata betri. Kikao hufungwa mnara ukigonga saa sita, na ajenda isiyofikiwa hubaki kama ilivyo hadi mwaka ujao. Mwaka jana hawakuvuka ya tisa. Kisha kasema, bila hata kuona aibu, kwamba ajenda yangu kaiweka mwisho yeye, kwa mkono wake.

Kumbe ni yeye! Na jana nilimwona kabeba chungu cha maua mekundu. Kapewa na nani kama si Bwana Waridi? Kikulacho ki nguoni mwako. Nikamshukuru kwa adabu, nikasema nimesikia. Kusikia nilisikia.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeisimamisha! Nilingoja hadi karibu na saa sita, ili pengo lionekane vizuri. Kamba sikuiona, kwa hiyo kile chuma kinachobembea nimekifunga kwa mkanda wa suruali yangu.

Nikashuka kupokea kilio. Mwokaji kapita na mikate yake, imeiva vizuri tu. Watoto wa shule wakatoka kula, wanaimba. Mtu mmoja akainua macho juu. Nikamkimbilia, nimeshika suruali kwa mikono miwili. Alikuwa anaangalia njiwa. Mwishowe mimi ndiye niliyemuuliza muuza magazeti ni saa ngapi.

Jioni. Shemeji kaja na hasira zake. Kasema wajumbe walingoja mlio mpaka njaa ikawalegeza. Mwenyekiti kasema mnara haujagonga, tuendelee. Wakamaliza ya tisa. Wakaingia ya kumi, Bwana Waridi kakodoa macho dirishani kuelekea mnarani, midomo inamcheza. Kumbe naye alikuwa anaitegemea saa yangu! Bustani ikakatwa nusu. Ya kumi na moja waliipitisha wakiwa wameshasimama: saa ifungwe, vyumba virudishwe, mtunzaji ahamishwe. Diwani mmoja kauliza, kwani mji huu una saa?

Hilo liliniuma. Miaka yote ile napanda ngazi zile, mvua na jua. Nikaenda nyuma ya mnara, nikalia.

Ijumaa, 7 Machi

Mke wangu anafunga mizigo, anahesabu vijiko kwa sauti. Ni heri angenitukana.

Nimepanda kufuata mkanda wangu. Nilipoufungua, chuma kikaanza kubembea, na mara saa ikagonga saa sita. Ilikuwa bado asubuhi. Ng'ambo ya uwanja makarani wote wa mji wakatoka kwenda kula, na mwenyekiti mbele yao. Nikawapungia mkono. Hakuna aliyeangalia juu.

Jumatano, 19 Machi

Naandika sebuleni kwa mama mkwe. Leo daktari wa meno katajwa kabla hata ya chai. Shemeji hanisalimu. Kamwambia dada yake, nami nasikia, kwamba la kuvunda halina ubani.

Kazi ninayo, kwa huruma ya mwenyekiti: nashika mpira wa maji bustanini, chini ya Bwana Waridi. Tena mke wangu kashapata chumba cha kupanga, tunahama mwisho wa mwezi kama nitabaki kazini.

Leo Bwana Waridi kaja karibu na machozi. Ruzuku imepungua tena. Kamati inakaa wiki ijayo, ajenda ni moja tu: bustani na wafanyakazi wake. Wajumbe watapita kwanza kutazama maua. Kaniomba, kama ndugu, nimwagilie asubuhi na jioni.

Maskini, hawajui watu! Mtu akiona maua kila siku, atayathaminije? Nimempiga bega, nikamwambia aniachie mimi. Koki kuu ya maji iko nyuma ya kibanda cha majembe. Nimeshaifunga.