Tuta Lililonenepa Ghafla

Jumatatu, 3 Machi
Nimeajiriwa. Shangazi, mkuu wa ofisi ya hifadhi, kanipa kamera: kila asubuhi nipige picha ya tuta la mchanga la ufukweni, nikisimama kwenye kigingi kile kile cha mwaka jana, ionekane limemegeka kiasi gani. Wiki ijayo kamati inaamua kama malori yaruhusiwe kuchota mchanga. Kasisitiza nisikanyage majani, ndiyo yanayoushika mchanga. Sawa. Ila kigingi kiko mbali mno, tuta linaonekana kama kichuguu. Nimekisogeza hatua ishirini mbele. Huo ndio usanii.

Jumatano, 5 Machi
Miwani, dada anayepima tuta kwa mti wenye alama, kauliza mbona picha zangu zinapingana na vipimo vyake. Nikamwambia wivu utamzeesha. Kajibu kuwa yeye shule alimaliza. Sijapenda.

Alhamisi, 6 Machi
Mwenye malori kaziona picha. Kanishika mkono kwa furaha. Eti tuta limenenepa kuliko mwaka jana, kwa hiyo likichotwa halitaumia. Nimelichongea tuta la watu.

Ijumaa, 7 Machi
Mpango: nirudishe kigingi hatua tano kwa siku, tuta likonde taratibu. Hiyo ni siku nne. Kamati inakaa Jumatatu. Nimekirudisha chote kwa mkupuo, nikapiga picha, nikapeleka.

Jumamosi, 8 Machi
Balaa. Kwa picha zangu, tuta limepungua nusu kwa siku moja. Shangazi kaja mbio na Miwani. Wamekuta kigingi mahali pake, shimo tupu la kigingi hatua ishirini mbele, na kati yake njia niliyoikanyaga mimi: majani yamelala, mchanga unaporomoka. Shangazi hakufoka. Kauliza polepole kama humu kichwani kuna mtu. Bora angefoka.

Jumatatu, 10 Machi
Kamati imezitupa picha zangu, imefuata vipimo vya Miwani. Malori yamekataliwa. Nimepumua. Adhabu: nipande majani kwenye ile njia. Miwani ananisimamia, ananiita bwana msanii.

Jumatano, 12 Machi
Shangazi anataka picha ya miche. Moja tu, na nisiguse kitu. Lakini miche yenyewe mifupi, inatia aibu. Nikalala kifudifudi, kamera chini kabisa. Msitu mtupu! Nilikosea kidogo tu mahali pa kulalia. Miche kumi na miwili imeng'oka. Nimeichomeka tena, imesimama wima kama askari. Hakuna atakayejua, mradi upepo usivume.