Dakika Kumi na Mbili za Utulivu

Jumatatu, 4 Agosti

Binti ametoa sharti. Harusi yake ni Jumamosi ya wiki ijayo. Hotuba ya baba nitaitoa mimi ikiwa nimepoa. Nisipopoa, ataitoa mdogo wangu, fundi saa, mtu ambaye hajawahi kumpandishia sauti hata mbwa.

Yote haya ni kwa sababu ya siku ya uchumba. Ndio kwanza nilikuwa nimesema "mabibi na mabwana", kipaza sauti kikapiga yowe. Nikazozana na fundi mitambo. Nikachomoa waya. Ningejuaje kwamba waya ule ndio wa feni za ukumbi mzima? Wakwe walikula huku wakijipepea kwa sahani, na Binti hakunisemesha siku nne.

Hotuba yenyewe nilianza kuiandika Binti akiwa na miaka tisa. Kurasa nne. Hakuna anayejua, hata mama yake.

Sharti lina kipimo. Ameniandikisha kwenye mazoezi ya ubongo. Kila zoezi ni dakika ishirini kwenye mashine inayopiga muziki ubongo ukitulia. Mara moja tu, kabla ya harusi, muziki upige dakika kumi na mbili, na kipaza sauti ni changu. Nimecheka. Kukaa kwenye kiti na kusikiliza muziki nako ni mtihani?

Jumanne, 5 Agosti

Ni mtihani.

Mtaalamu ni mama wa makamo mwenye sauti ya pole. Amenipaka jeli ya baridi kwenye upara, akanivalisha kofia yenye nyaya. Akaeleza kwamba ubongo una mawimbi. Yakitulia, filimbi inapiga, ndio muziki wenyewe. Yakichafuka, inanyamaza. Nikauliza nifanye nini basi. Akasema nisifanye kitu. Nikauliza nisifanyeje. Akasema nisijaribu.

Nimejaribu kutojaribu kwa nguvu zangu zote. Filimbi ikapiga kidogo. Nikafurahi. Ikakatika. Nikaudhika kwamba imekatika, ikazidi kukatika. Nikamwambia mtaalamu kuna waya umelegea, mimi ni fundi, najua nyaya. Akasema waya haujalegea, na taya zangu pia hazijalegea.

Dakika moja na nusu. Kichwa kinaniwanga.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeamua kujizoeza kazini. Kibanda changu ni cha kunakili funguo, na mashine yangu hulia kutwa kucha. Leo nimeweka redio pembeni, kinanda cha taratibu, nikawa napumua kwa hesabu. Nne ndani, sita nje. Mteja mmoja akaniuliza pumu imenianza lini.

Nikaendelea na kazi macho yakiwa nusu yamefumba, maana ndivyo mtaalamu alivyoshauri. Nimekata funguo tatu. Mmoja haufungui chochote duniani. Wa pili uko sawa. Wa tatu umefungua mlango wa jirani wa mteja. Mteja akarudi na jirani. Tukaelezana.

Mke wangu ameniuliza jioni kama zoezi la utulivu limekwenda vizuri, kwa sababu alinisikia akiwa kwa fundi cherehani, mtaa wa pili.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeshiba mchana makusudi. Mtu aliyeshiba ana nini cha kukasirikia? Nikakaa kwenye kiti, kofia kichwani, nikajiimbia kimoyomoyo wimbo niliokuwa nikimbembelezea Binti. Nikaamka mtaalamu akinigusa bega.

Nilidhani nimeshinda. Kumbe usingizi una mawimbi yake, na hayahesabiwi. Nikauliza usingizi ni nini kama si utulivu. Akasema natakiwa niwe macho na wakati huohuo niwe nimetulia. Nikamwambia sijawahi kumwona mtu wa namna hiyo.

Njiani nikamkumbuka mdogo wangu. Dakika mbili.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimempeleka mdogo wangu aandikishwe naye. Nia yangu ilikuwa njema: kuthibitisha kwamba mashine ni mbovu. Akaegemea kiti, na filimbi ikaanza kabla mgongo wake haujafika. Ikapiga, ikapiga. Dakika kumi na tisa. Ile iliyobaki alipiga chafya.

Nikamuuliza alikuwa anawaza nini. Akasema hakuna, alikuwa anaisikiliza filimbi, nzuri sana. Anaisikiliza? Mimi siku zote nimekuwa nikiilinda.

Baada yake nikakaa mimi. Sekunde hamsini.

Nimemweleza mke wangu jinsi mashine inavyopendelea watu. Akasema ninaona wivu. Nikakanusha. Akaniomba nikanushe polepole, majirani wanasikia.

Jumatano, 13 Agosti

Imebaki siku moja ya mazoezi. Lakini nimepata mpango, na ni mpango hasa.

Kesho mtaalamu hayupo. Atakuwepo mwingine wa zamu, asiyetujua. Kadi zetu hazina picha, zina namba tu. Mimi na mdogo wangu tumetoka tumbo moja na upara mmoja. Tunabadilishana kadi. Yeye anatulia kwa jina langu, mimi nachemka kwa jina lake, na hakuna aliyeumia.

Nimemfuata dukani kwake. Amekataa. Amesema si vizuri, Binti ni mtoto wake pia. Sikuwa na la kufanya, nikazitoa zile kurasa nne mfukoni, nikamwekea mezani kati ya saa zake zilizofunguliwa matumbo. Akazisoma zote. Alipofika pale Binti anapojifunza baiskeli na mimi nakimbia nyuma yake na viatu vya kazini, akavua miwani. Akasema sawa, kaka.

Nikamwambia sasa kila kitu kiko kichwani mwake. Hotuba ya miaka yote hii, heshima yangu mbele ya wakwe, kila kitu. Aangalie asiniangushe. Akasema ataangalia sana. Nikarudi nyumbani mwepesi.

Alhamisi, 14 Agosti

Naandika ingawa sielewi.

Tuliingia vyumba viwili, ukuta kwa ukuta. Wa zamu akasoma namba tu, kama nilivyotabiri. Mimi nikakaa na kadi ya mdogo wangu bila kazi yoyote. Filimbi ikipiga, shauri yake. Isipopiga, shauri yake. Nikanyoosha miguu. Ikaanza. Kuna mahali inapanda, inasita, halafu inashuka taratibu. Sikuwahi kufika hapo. Nikamwaza Binti juu ya baiskeli. Si kwa ajili ya hotuba. Nilimwaza tu. Nikashtuka naambiwa muda umekwisha.

Dakika kumi na nane.

Nikatoka nikitabasamu, nikamwona mdogo wangu anatoka chumba cha pili, shati limelowa mgongo mzima. Akaniomba radhi kabla sijauliza. Alisema kila filimbi ilipoanza alijiambia hii ni ya kaka, nisiiharibu, na hapohapo ikakatika. Sekunde arobaini. Wa zamu alimuuliza kama ana ugomvi na mtu nyumbani.

Kwa hiyo mimi ndiye mtulivu. Lakini kwa kadi mtulivu ni yeye. Na mimi ni yule aliyelowa shati. Jambo hili nimeliandika mara tatu kwenye karatasi na bado halikai.

Ofisi ikamtumia Binti majibu kwa simu kabla hatujafika kituo cha basi. Akanipigia. Hakunisema hata kidogo. Aliniambia, taratibu kabisa, kwamba anajua nimejitahidi, na baba mdogo ataongea, nisihuzunike. Angenigombeza ingekuwa afadhali. Nikafungua kinywa niseme kumi na nane ni zangu. Nikakifunga. Ningekuwa mtulivu na tapeli kwa mpigo mmoja. Mdogo wangu alitaka kuchukua simu aungame, nikamkanyaga mguu.

Nimelia kidogo kibandani. Niliiwasha mashine ili nisisikike.

Jumamosi, 16 Agosti

Harusi imefana. Mdogo wangu amesema maneno machache, mazuri, na hakuna feni iliyozimika. Wakwe walipiga makofi. Nami nilipiga.

Baadaye Binti alinivuta nje, nyuma ya ukumbi, kwenye ngazi za mlango wa jikoni. Akakaa na gauni lake lote jeupe. Akasema baba mdogo amemdokeza kwamba nina kurasa fulani mfukoni, nimsomee. Nikasoma. Nikiwa ukurasa wa tatu, fundi mitambo, yuleyule, akaanza kujaribu spika upande wa pili wa ukuta. Moja mbili, moja mbili. Nikainuka. Binti akanishika mkono wa koti. Nikakaa.

Nikasoma hadi mwisho kwa sauti ya kawaida, nikisimama kila spika ilipounguruma. Binti alilia hadi wanja ukamshuka. Akasema hakutaka kuyasikia haya kwenye kipaza sauti, haya ni yake.

Nimefurahi hadi sijui niandike nini.

Jumapili, 17 Agosti

Mke wangu anasema sasa bila shaka nimejifunza. Nimemwambia nimejifunza mengi.

Binti yetu wa pili naye ana mchumba. Labda harusi ni mwakani. Kwa hiyo leo nimeupitia mpango wote upya, hatua kwa hatua, kutafuta ulipoharibika. Kadi zilikuwa sawa. Upara ulikuwa sawa. Mtaalamu wa zamu alikuwa sawa kabisa.

Kosa ni moja tu: nilimweleza mdogo wangu mpango. Mwakani namkalisha kwenye kile kiti kwa kadi yangu bila kumwambia kitu.