Jiwe la Wachoraji

Jumatano, 7 Mei
Nimemaliza kuchora ng'ombe ukutani mwa duka la dawa za mifugo. Ng'ombe safi! Mwenye duka akasema pembe zimezidi, akaingia zake ndani. Migori nzima sina mtu wa kuongea naye kuhusu rangi. Kezia wa kibanda cha chai hunisikiliza, ila chai ikiisha na masikio yanaisha. Nimesikia Homa Bay, kwenye kambi moja ya watalii, kila Jumamosi watu huketi juu ya jiwe kubwa wakichora ziwa pamoja. Pamoja! Eti wote wanakaribishwa. Nitaenda.

Jumamosi, 10 Mei
Mlinzi wa lango, Omwenga, ameniuliza nimeletwa na nani. Nikasema nimejileta. Akacheka mpaka akashika nguzo. Wazungu watatu wakapita, akawapigia saluti bila kuwauliza hata majina. Nikamwambia ziwa ni letu sote. Akakubali, ila akasema jiwe si letu, na ameagizwa watu wa hapa wasisumbue wageni. Nimechora lango. Peke yangu.

Jumatatu, 12 Mei
Mpango! Kaptura, kofia pana, miwani ya jua, mkoba mkubwa mgongoni. Mtalii kamili. Kezia akauliza nimefukuzwa na nani nyumbani. Wivu tu.

Jumamosi, 17 Mei
Nimeingia! Omwenga alipouona mkoba alidhani mimi ni mpagazi wa wageni, akaniharakisha nisiwacheleweshe. Nikaongeza mwendo. Akili ni mali.

Jiwe lenyewe! Ziwa lote mbele yangu! Kabla sijatoa brashi, mama mmoja mzungu, mpole kweli, akaniomba nisimame kando na sanduku lake kichwani, wapate mtu wa kumchora. Kichwani! Kwetu mwanamume hubeba begani. Kichwani ni kwa akina mama. Nikamweleza mimi pia ni mchoraji. Akasema vizuri sana, ila nisitikisike.

Nimesimama mpaka shingo ikafa ganzi. Wote walinitazama, hakuna aliyeniuliza jina. Nilitaka kulia, lakini sanduku lingeanguka.

Jumatatu, 19 Mei
Habari njema. Yule mama alisema picha yangu itatundikwa kwenye ukumbi wao wa chakula. Mimi, ukutani, ndani! Kezia anasema niachane na watu hao, nije nimchoree kibanda chake, yeye atakaa hapo anitazame nikichora. Kibanda! Hajui sanaa.

Tangu asubuhi nazunguka chumbani na ndoo ya maji kichwani. Jumamosi sitatikisika hata kidogo. Wakifurahi, wataniambia niketi nao.