Nilivyoshindilia Gobole la Babu

Jamani, leo nimejiaibisha makaburini. Niko kijijini kwetu Ibaba, nimejificha nyuma ya ghala la mahindi, naandika haya kabla hamjayasikia kwa watu wengine.

Babu yangu mzaa baba tumemzika mchana huu. Alikuwa mwindaji, na gobole lake, ile bunduki ya kushindilia baruti na goroli mdomoni, lilikuwa na kibali (mlioanza kuuliza, tulieni). Katika ukoo wetu mwindaji hashushwi kaburini kimyakimya. Anapigiwa mlio mmoja hewani, bila goroli, ndipo anashushwa. Anayeshindilia gobole ni mjukuu wa kwanza wa kiume, peke yake, chumbani kwa marehemu. Hasaidiwi na mtu.

Mjukuu wa kwanza ni mimi. Mimi ni wakala wa forodha Tunduma. Silaha pekee niliyowahi kushika ni stepla.

Asubuhi baba mdogo Ambakisye aliniita pembeni.

"Unajua kushindilia?"

"Najua, baba."

(Sijui. Nilimwona babu akishindilia nikiwa darasa la tatu, tena kwa mbali.)

"Basi kuwa makini. Kesho tunalipeleka polisi, maana mwenye kibali hayupo. Hakuna mlio mwingine."

Maneno hayo yaliniingia. Babu ndiye aliyenisomesha. Mwezi uliopita alinipigia simu akaniomba nije nimwone, nikamwambia mpakani kuna foleni ya malori. Sikuja. Huo mlio ndio uliokuwa umebaki wa kumwomba radhi.

Nikaingia chumbani. Dirisha lenyewe ni dogo kama daftari. Chini ya kitanda nikakuta kopo la rangi ya viatu, ndani yake unga ulioonekana mweusi gizani, nikajua ndiyo baruti. Nikaunusa kama wanavyofanya wataalamu. Sikusikia kitu. Siku tatu za kilio na baridi ya huku, pua ilikuwa imeziba kabisa. Nikamimina wote, nikatia na kitambaa, nikashindilia kwa ule ufito wa chuma mpaka jasho likanitoka. Nikatoka nje nimevimba kifua.

Makaburini mchungaji akamaliza sala. Baba mdogo akanipa ishara. Nikaelekeza gobole juu, nikafumba macho (mwindaji gani anafumba macho?), nikavuta.

Ta.

Ilikuwa fataki ya kuwashia baruti, peke yake. Kitambaa kikachomoka, kikaangukia shada la maua. Nyuma yake likatoka wingu dogo la vumbi la kahawia, upepo ukalishusha taratibu juu yetu sote.

Mchungaji akapiga chafya. Wakafuata wabeba jeneza, wote wanne. Halafu kwaya, kuanzia sauti ya kwanza mpaka besi. Baba mdogo akaja akanusa mdomo wa gobole, akaniangalia.

"Huu ni ugoro," akasema. "Umempigia marehemu ugoro wake mwenyewe."

Nyuma kuna mtu alicheka, akajifanya anakohoa. Mimi nikaanza kulia, mtu mzima na suti yangu. Sikulilia aibu. Nililia kwa sababu babu aliniomba kitu kimoja nikiwa Tunduma nikashindwa, na leo nimeshindwa tena, mbele ya jeneza lake.

Ndipo bibi akainuka kwenye mkeka. Tangu babu afariki alikuwa hajasema neno wala hajala. Akaja kwa fimbo yake, akapiga chafya, akasimama karibu yangu anavuta hewa.

"Harufu hii nimelala nayo tangu nikiwa msichana," akasema. "Nilijua sitaisikia tena." Akawageukia wabeba jeneza. "Mshusheni. Ameshaaga."

Wakamshusha. Hakuna aliyebisha, hata baba mdogo.

Tulipokuwa tunarudi bibi akanishika mkono. "Mume wangu, lile kopo nililificha pale liwe langu. Limebaki hata kidogo?"

"Nimelimaliza lote, bibi."

Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Akaushika mkono wa koti langu, uliojaa vumbi lile, akaunusa kwa muda mrefu.

"Vua," akasema.

Sasa amekaa jikoni amejifunika koti langu, anakula ugali kwa mara ya kwanza tangu Jumatano, na amekataza lisifuliwe. Mimi huku nje natetemeka na shati. Mkitaka kucheka, chekeni chinichini, bado tuko msibani.