Malalamiko Kuhusu Gari la Chini ya Ardhi Lililomfunga Shemeji Yangu

Mtawanya, upande wa Kibiti
Siku ya kumi na moja, Mfunguo Mosi, 1323

Kwa Bwana Mhariri wa gazeti,

Assalaam alaikum. Mimi ni Tamimu bin Haruni, mwalimu wa chuo cha Kurani hapa Mtawanya, na ndiye mtu pekee kijijini anayejua herufi za Kizungu. Nakuandikia kwa heshima kukuarifu kwamba habari uliyoichapa imemtia shemeji yangu Swalehe mnyororo wa shingo, na nakuomba umtoe.

Kwanza, habari yenyewe. Gazeti lako lilitufikia likiwa limefungiwa chumvi kutoka Kibiti. Chumvi ilipokwisha nikawasomea watu barazani. Uliandika kwamba huko London walipasua njia za mji, wakachimba, wakajenga dari, wakafukia juu yake, na kwa miaka arobaini na miwili gari la moshi limekuwa likipita chini ya ardhi na abiria wakikohoa. Sasa wanaondoa moshi, na gari litavutwa kwa nguvu ya umeme. Ukaongeza kwamba Berlin nako wanayo yao, huu mwaka wa tatu. Hukuandika popote kwamba mtu wa Mtawanya haruhusiwi.

Pili, hukutaja maji. Swalehe alianza kuchimba ukingoni mwa bonde, penye udongo laini, aelekee Salale, ili watu wafike kwenye mitumbwi bila kukutana na vita vilivyoko juu. Siku ya tatu baada ya Idi, alasiri, alikuwa shimoni. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo. Ukuta ukabomoka, maji yakamfika kifuani, naye akapiga kelele, "Maji! Maji! Nitoeni!"

Bwana Mhariri, wewe uko mbali. Huku kwetu, tangu watu walipoanza kwenda Ngarambe kunywa dawa ya maji ili risasi za Mdachi zisiwadhuru, neno hilo ndilo ukelele wa vita. Siku hizi mtu akishikwa na kiu mbele ya askari huonyesha koo kwa kidole. Na wakati Swalehe anapiga kelele, akida wa serikali alikuwa anapita njiani na askari sita.

Tatu, walilala kifudifudi wakapiga bunduki mara kumi na moja. Kwa kuwa Swalehe alikuwa chini ya ardhi, hakuguswa. Uliokufa ni mgomba mmoja wa mama mkwe wangu, Bi Biasha, uliokuwa na mkungu. Moshi ulipotawanyika Swalehe akapanda juu, amelowa chapachapa, mzima. Akida akasema, "Huyu risasi zimemgeukia maji." Askari wawili wakarudi nyuma. Nikajitokeza na gazeti mkononi nikasema, "Bwana Akida, huyu anajenga njia ya gari." Akauliza, "Gari liko wapi?" Nikamjibu kwamba hata London walianza na shimo. Akamfunga Swalehe, na gazeti akalichukua liwe ushahidi.

Nne, tangu siku hiyo watu wa vijiji vitatu wanakuja na vibuyu kuchota shimoni. Nimewaambia ni maji ya mvua, yana vyura. Wanasema ndiyo yenyewe.

Tano, na hili ndilo zito. Bi Biasha, ambaye ndiye mama yake Swalehe, alitembea siku mbili hadi boma akiwa na wali aliofunga kwenye jani la mgomba ule. Alimwona mwanawe kwa mbali, amefungwa pamoja na wanaume kumi na wanane, shingo kwa shingo. Hakuruhusiwa kumkaribia. Aliambiwa, "Watahukumiwa mwezi ukiandama." Amerudi na wali ule ule, umechacha, na hataki tuumwage. Pale boma pana mti mmoja, nami najua kazi yake.

Kwa hiyo naomba uandike katika ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa, kwamba Swalehe ni fundi wa njia ya gari. Na boma likishikilia kwamba kuchimba ni kuasi, basi haki iende sawasawa: London wameasi miaka arobaini na miwili, Berlin mitatu, Swalehe siku kumi na tisa. Wakamatwe kwanza waliotangulia, na Swalehe asubiri zamu yake nyumbani. Akida wetu aende mwenyewe kuwaleta. Tutamchangia chakula cha njiani.

Watu wote wa Mtawanya wanakusalimu, na wagonjwa pia wamesema wasiachwe. Nisalimie wapiga chapa wako, na nyumbani kwako wakubwa kwa wadogo.

Ni mimi, ninayengoja jibu kwa adabu,
Tamimu bin Haruni

Baada ya sahihi: Wino haujakauka, na Swalehe ameingia uani kwa miguu yake. Bwana Mkubwa wa boma alimuuliza shimo ni la nini, naye akarudia maneno yangu. Kumbe Bwana huyo kwao amelipanda gari lenyewe. Alicheka mpaka akavua miwani, akamwachia, akasema Jumatatu atakuja kulitazama handaki, na kamba ya kupimia.

Basi usiichape barua hii. Shimo lilianza kabla gazeti lako halijatufikia. Tulikuwa tunaficha mpunga wa mbegu wa nyumba tisa, maana askari wanachoma maghala, na asiye na mbegu atazika watoto mwakani. Gari nililizua mimi, pale pale mbele ya akida, kwa kuwa mkononi sikuwa na kitu kingine. Mpunga tumeshauhamisha. Ila Jumatatu ni keshokutwa, na mahali pale hapafanani na London hata kidogo. Watu arobaini wameshateremka bondeni na majembe, Bi Biasha akiwa mbele yao, na mke wangu Mwanamina amesimama mlangoni na jembe langu, hataki niongeze hata neno