Wimbo wa Kikorea Kwenye Ndoa ya Carmel

Jumatatu, 3 Juni 2002
Tonton Aloys, mjomba wangu, amerudi toka Dubai na vitenge, na kaseti moja ya Korea! Anasema Wachina wa kule wamemwambia kwao vijana wote wanacheza Kikorea sasa. Wimbo wenyewe, anasema, unaanza pole kama wa kanisani, katikati ngoma zinapasuka, halafu vijana wanafoka kama watu wanaogombana. Nyimbo tatu ndani ya moja! Mawe ya redio, yaani betri, yatadumu. Gaston, mpiga muziki wa ndoa zetu zote, na ndombolo yake, kwisha habari. Tangu vita ianze anatupigia kaseti zile zile.

Jumanne, 4 Juni
Nimefika kwa maman Françoise, mama yake Gisèle wangu. Jumamosi anamuoza Carmel, dada mkubwa. Na amesema wazi: binti wa pili hampi kijana asiye na kazi. Nimemwambia mimi ni mpiga muziki wa kimataifa. Ameguna. Muziki wote kwa Gaston, mimi nimepewa mstari wa zawadi tu. Tu? Mstari wa zawadi ndio roho ya ndoa! Wamama wanakuja wakicheza, sufuria kichwani, mpaka mbele ya bibi arusi.

Alhamisi, 6 Juni
Gaston amenisimamisha sokoni Kadutu. Eti nimeusikiliza wimbo mpaka mwisho? Wivu mtupu. Nimesikiliza mwanzo, unatosha. Mawe ni ya kuchunga. Na dunia nzima haiwezi kukosea.

Jumapili, 9 Juni
Aibu. Mungu wangu, aibu!
Jana tulianza vizuri. Wamama wanayumba polepole na sahani na sufuria zao, maman Adélaïde na mtungi wa kasiksi, pombe ya ndizi. Gisèle akanitazama. Moyo ukaruka.
Halafu ngoma. Ta-ta-ta-ta-ta! Halafu wanaume wanafoka lugha isiyojulikana. Wamama wa Bukavu hawangoji tafsiri. Wote chini, kifudifudi! Pombe yote kwenye gauni la Carmel. Bwana arusi alikuwa chini ya meza kabla ya wote. Nikakimbilia redio kuizima. Nikaongeza sauti!
Askari wa barieri ya barabarani wakaja kuuliza nani amepiga risasi. Wote wakaninyooshea kidole, hata tonton Aloys. Mkubwa wao akataka wimbo urudiwe, asikie mwenyewe. Wamama wakalala tena. Kisha Gaston akaweka ndombolo, watu wakainuka, wakacheza mpaka jioni.
Leo Gisèle amenikuta nje ya kanisa. Akasema, "Théo, maman anasema sasa uko na kazi. Ya kutafuta bibi kwingine." Hakucheka. Nimeumia sana.

Jumatano, 12 Juni
Nimefikiri vizuri. Wimbo hauna kosa. Kosa ni kuupigia watu waliosimama.
Nimenunua mawe mapya. Nimepita kwa maman Françoise kuulizia hali ya muzee, babu yake Gisèle. Bado anakohoa, maskini. Kwenye matanga watu wanakaa chini tangu asubuhi. Ngoma zikipasuka, hawana tena pa kuanguka.